Rangi, Mali na Mpaka wa Mji: Uhakiki wa Common Ground

Kitabu cha J. Anthony Lukas, Common Ground (1985), kilichotunukiwa Tuzo ya Pulitzer mwaka 1986, kinasimulia jinsi shule za umma za Boston, Marekani, zilivyochanganywa kwa amri ya mahakama. Fani yake imesifiwa vya kutosha. Familia tatu, moja ya Wamarekani weusi, moja ya Waayalandi maskini wa Charlestown na moja ya mwanasheria Mzungu aliyesoma Harvard, zinapokezana sura kwa sura. Linalotushughulisha hapa ni msimamo uzaliwao na fani hiyo.

Kwa kuzipa familia hizo nafasi takriban sawa, Lukas anamfanya msomaji adhani kuwa zilikuwa na uzito sawa mjini. Sivyo hata kidogo. Mnamo Juni 1974 Jaji W. Arthur Garrity aliamua kwamba halmashauri ya shule ilikuwa imewatenga watoto weusi kwa makusudi. Mpango ulioanza Septemba uliunganisha South Boston na Roxbury, yaani maskini weupe na maskini weusi, na mabasi yaliyowabeba watoto weusi yakapigwa mawe. Jaji mwenyewe alikaa Wellesley, nje ya mji. Na mwezi Julai, katika kesi ya Milliken dhidi ya Bradley iliyotoka Detroit, Mahakama Kuu ya Marekani ilikuwa imekwisha kuvikinga vitongoji vya namna hiyo, kwa kura 5 dhidi ya 4.

Wapinzani wa mpango walitetea "shule ya mtaa". Mtafsiri wa Kiswahili angeliona neno hilo jepesi. Lakini mitaa ya Boston ilikuwa imegawanyika kwa rangi, hivyo aliyetaja mtaa alikuwa amekwisha kutaja rangi bila ya kuitamka.

Mama wa Charlestown anaandamana na kuitwa mbaguzi (na ubaguzi ulikuwapo, tusiufiche). Familia ya mwanasheria, iliyohamia mjini kwa nia njema na kuipigania shule ya hapo, inachoshwa na uhalifu, na mwaka 1976 inahamia Newton. Haikurusha jiwe, ilinunua nyumba. Lukas anausimulia uhamaji huo kwa huruma, kama msiba wa dhamiri. Sisi tunauona kuwa uamuzi wa mzazi wenye nguvu kuliko maandamano yote ya kitabuni, kwani hakuna jaji aliyeweza kuutengua. Mama mweusi, ambaye binti yake alipelekwa Charlestown High, hakuwa na Newton yake.

Tena, Lukas anatenga sura kwa wakubwa watano: jaji, meya, kadinali, mhariri wa gazeti na mwanasiasa Louise Day Hicks. Miongoni mwao hamna hata mmoja mweusi.