Namna ya Kumtambua Mwosha Rimu Anayeijua Kazi Yake

Rimu inayong'aa haithibitishi chochote. Kuanzia Tinde kupitia Isaka hadi Kahama, na kutoka Kahama hadi Geita, hukosi kukuta kando ya barabara vijana wenye mashine ya presha, ndoo na sabuni, na wengi wao watakurudishia gari likiwa na matairi meusi yanayometa. Anayetaka kujua kazi nzuri asisubiri mng'aro. Atazame dakika za mwanzo, kabla rimu haijalowa sawasawa. Ufundi uko hapo, na afya ya kijana anayeosha hulindwa au hupotea hapo hapo.

Ukanda huu unalipa gurudumu vumbi la kila namna. Shinyanga kuna udongo mweusi wa mbuga, unaonata masika na kupasuka kiangazi. Ukielekea Geita, barabara za vumbi zinapaka gari wekundu hadi kwenye mipini ya milango. Gari linaloshinda kwenye makarasha ya kusagia mawe ya dhahabu hurudi na unga mweupe wa mawe yaliyosagwa, ambao una silika, na silika ikivutwa miaka mingi huharibu mapafu kwa ugonjwa wa silikosisi. Chini ya hayo yote limelala vumbi la breki, jeusi lenye kuelekea hudhurungi. Kila dereva anapokanyaga breki, pedi hukaba diski, na vyote viwili hulika kidogo. Diski hutoa chembe za chuma. Pedi hutoa mchanganyiko wa gundi iliyoungua, nyuzi, grafiti, mara nyingi shaba na antimoni. Sehemu ya chembe hizo ni ndogo kiasi cha kuingia ndani kabisa ya mapafu.

Kisha kuna asbesto. Kwa miaka mingi ilitiwa kwenye pedi na liningi kwa sababu inavumilia joto, na Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeiweka katika kundi la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu. Japani, ambako magari mengi tunayoendesha yalitoka, ilipiga marufuku asbesto kwenye pedi na liningi mwaka 2004. Umoja wa Ulaya ulifunga mlango mwanzoni mwa 2005. Lakini pedi iliyokuja na gari ilishabadilishwa zamani, na iliyopo sasa huenda ilinunuliwa kwenye boksi lisiloeleza imetengenezwa kwa nini. Kwa hiyo mwosha makini huchukulia kila vumbi la breki kuwa la hatari, bila kuuliza gari ni la mwaka gani.

Alama ya kwanza ya mwosha mahiri ni kwamba hutazama kabla hajamwaga maji. Atazunguka gari. Magurudumu ya mbele huwa meusi kuliko ya nyuma, kwa kuwa gari linapofunga breki uzito hukimbilia mbele na breki za mbele hubeba kazi kubwa. Hilo ni la kawaida. Si kawaida gurudumu la mbele kushoto kuwa jeusi tititi na la kulia kuwa safi: huenda kalipa imeganda na pedi inakaba diski muda wote. Michirizi ya grisi inayoanzia katikati ya gurudumu kwenda nje inaonyesha raba ya ekseli imepasuka. Unyevu upande wa ndani wa tairi waweza kuwa mafuta ya breki yanayovuja, na gari hilo lisirudi barabarani kabla fundi hajaliona. Maji yakishamwagwa, taarifa zote hizo zimekwenda na mtaro. Kijana anayekuita, "Bosi, hebu njoo uone gurudumu hili," mlipe vizuri na umkumbuke.

Alama ya pili ni subira. Gari lililoshuka sasa hivi kutoka safari ya Mwanza lina diski za moto. Maji baridi yakizipiga ghafla zinaweza kupinda, na usukani ukaanza kutetemeka kila unapofunga breki. Sabuni nayo ikikaukia kwenye rimu ya moto huacha madoa. Mwosha anayejua hukaribisha kiganja kwenye rimu bila kuigusa. Akisikia joto, huanza na bodi au mazulia ya ndani.

Alama ya tatu ni kulowesha vumbi kabla ya kulisumbua. Hapa nitasimama kidogo, kwa sababu hili ndilo linaloamua yote. Ukiona kijana anachukua bomba la kompresa na kupiga upepo kwenye rimu kavu, ondoa gari lako, hata kama ana sifa mji mzima. Vumbi lililokuwa limetulia linageuka wingu, na wa kwanza kulivuta ni yeye, kisha mama lishe aliye jirani, kisha mtoto aliyeleta chai. Kanuni za usalama kazini za Marekani haziruhusu kupuliza breki kavu kwa upepo wa kompresa. Zinataka vumbi lifyonzwe kwa mashine yenye chujio maalumu au lilowanishwe kwanza. Brashi kavu na kitambaa kikavu vina kosa lile lile kwa kiasi kidogo. Hata presha, wengi wasichokijua, ikianza kwa nguvu kwenye rimu kavu hurusha vumbi kabla ya kulilowesha. Mahiri huanza na maji ya taratibu, ya mpira usio na nguvu au ya kopo, yanayotiririka kutoka juu ya gurudumu kwenda chini, akapitisha pia kwenye matundu hadi upande wa ndani. Vumbi hugeuka tope jembamba na kushuka. Hapo ndipo presha inapowashwa, nayo kwa umbali wa futi moja hivi, isielekezwe kwenye valvu wala kwenye ubavu wa tairi.

Glavu za mpira, buti na barakoa inayobana uso ni vitu vya kuheshimu. Ukimkuta mwosha amevaa ndala na mikono mitupu lakini analowesha kwanza, bado ana akili ya kazi. Anayehitaji kusaidiwa ni mwenye eneo, amnunulie vifaa.

Kwenye sabuni, angalia ndoo. Ndoo ya rimu na brashi ya rimu zisiguse bodi ya gari, maana chembe za chuma zikibaki kwenye sponji huchora rangi ya boneti mistari ambayo jua la mchana litaianika. Sabuni ya maji isiyo kali inatosha kwa gari linalooshwa kila wiki. Brashi iwe laini, na mswaki wa zamani ufanye kazi kuzunguka nati. Stili wuli, msasa, mchanga na majivu havina nafasi kwenye rimu ya aloi. Vinakwangua vanishi inayoilinda, na baada ya miezi michache aloi inaanza kuota ukungu mweupe usiotoka tena.

Hatari kubwa zaidi ni asidi. Katika miji ya dhahabu asidi ya naitriki haiko mbali, kwa kuwa hutumika kupima na kusafisha dhahabu, na asidi ya betri iko kila gereji. Zote zinaweza kuonekana zimeng'arisha rimu kwa dakika chache huku zikiila. Baadhi ya dawa za rimu kutoka nje zina asidi ya haidrofloriki, ambayo hupenya ngozi wakati mwingine bila maumivu ya haraka, kisha hushambulia kalsiamu ya mwili. Chupa yenye jina hilo isifunguliwe kando ya barabara. Kwa vumbi sugu kuna dawa ya chuma iliyo salama kuliko hizo ikitumiwa kivulini kwa glavu: inapokutana na chembe za chuma hugeuka zambarau na kutiririka kama wino. Harufu yake mbaya wanawake wa saluni wataitambua, kwa sababu kemikali yake ni ya ukoo mmoja na dawa ya kalikiti. Isiachwe ikauke, na isuuzwe kwa maji mengi.

Rimu ikishaoshwa, ikague kwa ukucha. Pitisha ukucha nyuma ya vijiti vya rimu, mahali pasipoonekana. Udongo wa barabara hutoka wote kwa maji. Vumbi la breki lililojichimbia hubaki kama vidoti vyenye mkwaruzo. Wapo wanaopima kwa sumaku ya spika mbovu iliyofungwa kitambaa. Geita usiitegemee. Mawe ya vilima vile yana madini ya chuma yanayovutwa na sumaku, kwa hiyo hata udongo safi wa barabarani unaweza kunasa.

Maji ya mwisho yana neno lake. Tangu mradi wa Ziwa Victoria ulipozifikia Shinyanga na Kahama mwaka 2009, waosha wenye bomba wanapata maji laini. Kwenye visima vyenye chumvi, rimu iliyoachwa ikaukie juani hubaki na madoa meupe, hivyo lazima ifutwe mara moja. Maji machafu nayo yawe na shimo lake: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli zinazoharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto.

Wa kukataliwa kabisa ni yule anayemalizia kwa kitambaa chenye dizeli ili rimu imeremete. Dizeli au dawa ya matairi ikidondokea diski, breki hupoteza mshiko wakati unaouhitaji.

Unapoondoka, kanyaga breki taratibu mara tatu nne ukiwa bado eneo la wazi, diski zikauke. Gari likilala bichi, asubuhi diski zitakuwa na utando mwembamba wa kutu ya rangi ya chungwa. Hilo si kosa la mwosha, na litaisha kwa breki chache za mwanzo. Mkwaruzo ukiendelea baada ya hapo, nenda kwa fundi breki. Kabla hajafungua dramu za nyuma, mwulize kama ana chupa ya kunyunyizia maji, kwa sababu humo ndani vumbi la miaka limekaa bila kufikiwa na mvua. Akishika bomba la upepo, mzuie.