Kichocheo cha Mishipa: Istilahi Isiyofaa

Kuna kifaa kinachopandikizwa chini ya ngozi ya kifua, chenye waya ufikao kwenye ateri ya shingo. Hupeleka umeme mdogo kuziamsha neva ziupashazo ubongo habari za shinikizo la damu. Ubongo nao huamuru moyo upunguze kasi na mishipa ya damu ilegee. Kimejaribiwa kwa wagonjwa ambao dawa 3 au zaidi hazikuwateremshia shinikizo.

Mfasiri huvutwa kukiita 'kichocheo cha mishipa'. Sisi hatuikubali istilahi hiyo. Kwanza, 'mshipa' huwa wa damu, tena huwa wa fahamu, na kifaa hiki kinahusu yote miwili. Pili, kuchochea ni kuuzidisha moto. Mgonjwa wa Ikungi au Iramba mkoani Singida, ambaye huenda alikipata Kiswahili baada ya Kinyaturu au Kinyiramba, atadhani presha yake inaongezwa. Ataikataa tiba, au atairidhia pasipo kuielewa.

Twapendekeza 'kiamshaneva'. Neno 'neva' limekwisha kuzoeleka katika vitabu vya biolojia, na kitenzi 'kuamsha' hakitishi. Wasomaji, hasa wauguzi wa mkoa huo, tunawaomba waipime istilahi hii masikioni mwa wagonjwa.