"Utambuzi" au "Usawiri"? Istilahi Moja na Kazi ya Profesa Ljung

Miongoni mwa istilahi za uhandisi zinazomtatiza mfasiri, imo ile inayotaja kazi ya kuunda modeli ya kihisabati ya mfumo kutokana na vipimo vya mwenendo wake. Mfasiri huvutwa upesi na "utambulisho wa mfumo" au "utambuzi wa mfumo". Twaona kwamba yote mawili yana kasoro, na ushahidi wetu ni kazi ya Profesa Lennart Ljung wa Uswidi.

Ljung, aliyezaliwa mwaka 1946, alipata udaktari huko Lund mwaka 1974, na mwaka 1976 akawa profesa katika Chuo Kikuu cha Linköping. Kitabu chake kikuu kuhusu taaluma hii kilitoka mwaka 1987, kikatolewa upya mwaka 1999. Aidha, aliandika programu za kompyuta zitumikazo ndani ya MATLAB, zilizowafikishia wahandisi wengi mbinu hizo.

Tuchukue mfano wa meli. Usukani hugeuzwa, na omo hufuata baada ya muda. Mhandisi huandika pembe ya usukani na mwelekeo wa meli kila sekunde. Kisha, katika kundi la milinganyo aliyokwisha kulichagua, hutafuta ule unaobashiri vizuri zaidi mwelekeo utakaofuata. Upepo na mawimbi huvuruga vipimo, hivyo jibu halikosi shaka.

Hapa ndipo penye kiini cha mchango wa Ljung. Uchambuzi mwingi wa awali ulichukulia kwamba mlinganyo wa kweli umo katika kundi lililochaguliwa. Je, usipokuwamo? Katika makala yake ya mwaka 1978 alionyesha kwamba, kwa masharti fulani, vipimo vikizidi kuongezeka, mbinu hiyo huelekea kwenye mlinganyo ubashirio vizuri kuliko yote iliyomo katika kundi. Yaani, akipatacho mhandisi ni sura ya mfumo, wala si mfumo wenyewe.

Basi tuyapime maneno yetu. Kutambua ni kumjua uliyekwisha kumjua; kutambulisha ni kumjulisha mtu kwa wengine. Yote mawili yadai kwamba ukweli umeshapatikana. Jina la Kiingereza, alilolianzisha Lotfi Zadeh mwaka 1956, lina dai hilo hilo, lakini hatulazimiki kulirithi. "Ukadiriaji" nao wahitajika kwa hatua moja tu, ya kutafuta tarakimu za mlinganyo.

Twapendekeza "usawiri wa mfumo kwa vipimo". Walimu wa fasihi watasema neno hili ni lao. Lakini "mzizi" ni wa mkulima, wa mwanahisabati na wa mwanaisimu, na hakuna apoteaye. Tena msomaji wa fasihi ajua kwamba aliyesawiriwa kitabuni si mtu mwenyewe. Ljung naye ahimiza modeli ijaribiwe kwa vipimo ambavyo havikutumika kuiunda. Ofisa asomaye "utambuzi" katika ripoti atadhani suala limekwisha. Akisoma "usawiri", atauliza sura hiyo imefanana na mfumo kwa kiasi gani. Swali hilo hana budi kuliuliza kabla ya kutia sahihi.