Sungura Aliyevua Koti

Wanaoandika kumhusu Beatrix Potter hupenda kisa cha 1897: utafiti wake kuhusu kuota kwa spora za uyoga uliwasilishwa kwenye Linnean Society ya London, lakini yeye hangeweza kuhudhuria kwa sababu ni mwanamke. Kisha tunaambiwa eti sayansi ilipoteza, watoto wakafaidi. Mimi sikubali. Kwani sayansi aliiacha wapi?

Hebu soma tena The Tale of Peter Rabbit, kitabu kilichotolewa na Frederick Warne mwaka 1902. Peter akimkimbia Bwana McGregor anapoteza viatu, anashuka kwa miguu minne, na mbio zinaongezeka. Halafu vifungo vya koti vinanaswa kwenye wavu. Analivua, anapona. Yaani nguo za watu ndizo nusura zimuue. Maumbile ya sungura ndiyo yanamwokoa. Huyo ni mwandishi aliyefuga sungura, akawachora, akaona wanavyokwenda.

Tena hafichi kitu. Baba yake Peter aliishia kwenye pai, na mama anawaambia watoto hivyo hivyo, kavu.

Vitabu vingi tunavyowanunulia watoto huwavalisha wanyama nguo na kusahau kuwavua. Fisi ni mlafi tu, sungura mjanja tu, basi. Mtoto anamaliza kitabu bila kujua fisi anaishi vipi. Natamani kumsoma fisi mwingine, aliyeandikwa na mtu aliyewahi kukaa chini akamtazama fisi.