Sifa ya Kitufe cha Miwani

Vifaa vingi tunaviona vikiwa kazini. Dereva anauona usukani, mshonaji anaiona sindano. Miwani haiko hivyo: ukishaivaa, mkono wake unaopita kati ya jicho na sikio huuoni tena. Kitufe kilichopachikwa hapo kimeachiwa vidole, navyo havina budi kukitambua kwa umbo, kwa ugumu na kwa mahali kilipo. Fundi anayekibuni anamtengenezea mtu kitu ambacho hatakitazama wakati wa kukitumia. Nauona ufundi huo kuwa miongoni mwa wenye adabu kubwa, na mahali pazuri pa kuupimia ni Mururu, wilayani Rusizi, nchini Rwanda.

Rwanda imekwisha kuonja miwani inayoongozwa kwa vidole, tena kabla ya miwani janja, yaani haya mambo ya kompyuta usoni. Kuanzia mwaka 2012 shirika la Vision for a Nation, pamoja na Wizara ya Afya, lilifundisha wauguzi wa vituo vya afya nchini kote kupima macho. Miongoni mwa miwani iliyoletwa ilikuwamo ya kampuni ya Adlens ya Uingereza, ambayo mvaaji huirekebisha mwenyewe kwa kuzungusha kirungu kidogo pembeni mwa fremu. Siri yake ilibuniwa na mwanafizikia wa Marekani, Luis Alvarez, katika miaka ya 1960: vipande viwili vya lenzi vyenye mawimbi mepesi hupishana, na kadiri kimoja kinavyoteleza juu ya kingine, nguvu ya lenzi huongezeka au hupungua. Njia nyingine aliifikiria Joshua Silver wa Oxford mwaka 1985: mafuta ya silikoni husukumwa ndani ya lenzi kwa bomba dogo lenye kirungu mpaka aonaye aseme basi, kisha tundu hufungwa na bomba huondolewa.

Hebu tukifikirie kirungu hicho. Anayekizungusha ndiye huyo huyo asiyeona vizuri, na kipimo pekee alichonacho ni herufi zinazojitokeza polepole kutoka kwenye ukungu. Kikiwa chepesi mno, ataupita uoni safi bila kujua. Kikiwa kigumu mno, miwani itasogea puani, naye hatajua kama mabadiliko yameletwa na lenzi au na kule kusogea. Kati ya wepesi na ugumu kuna mahali padogo ambapo mtu hujipimia macho yake mwenyewe. Kupatafuta mahali hapo, kutia mikwaruzo ili vidole visiteleze, kuchagua kipenyo kinachofaa kidole gumba cha mzee, yote hayo ni kazi ya fundi, na jina lake halijulikani kwa yeyote anayefaidika nayo.

Miwani janja imeurithi mtihani huo na kuuongezea ugumu. Google Glass ya mwaka 2013 ilikuwa na sehemu ya kupapasa kwenye mkono wa kulia na kitufe cha kupigia picha juu yake. Ray-Ban Stories ya 2021 nayo iliweka kitufe juu ya mkono wa kulia. Kukiweka juu kuna akili: kidole cha shahada kinabonyeza, kidole gumba kinaegemeza kutoka chini, nguvu hizo mbili zinamalizana na miwani inatulia. Kitufe kile kile kingewekwa ubavuni, kila ukibonyeza ungeisukuma fremu kichwani.

Sasa tuipeleke miwani hiyo Mururu, ukingoni mwa mto Rusizi unaotoka Ziwa Kivu, ambako mtambo wa Rusizi II umekuwa ukizalisha umeme wa Rwanda, Burundi na Kongo tangu 1989. Hapa mpakani na Kongo wanawake huvuka kwenda Bukavu na beseni kichwani, kitambaa kikifunika masikio, jasho au mvua ikitiririka kwenye mashavu. Uso laini wa kupapasa unaweza kudhani tone la maji ni kidole. Kitufe kinachobonyea hakidanganyiki hivyo: kinangoja nguvu, kisha kinajibu, na mkono unajua kuwa umesikika. Wabunifu wa simu ya Nokia 1100 ya mwaka 2003 waliliheshimu jambo hilo. Walizifunika batani zake kwa mpira wa kuzuia vumbi na kuiwekea simu hiyo tochi, na simu zaidi ya milioni 250 ziliuzwa. Kinundu kidogo kwenye tarakimu 5 ya simu za batani kinamtosha mtu kupiga namba gizani.

Siku hizi wapo wanaotaka kukiondoa kitufe usoni. Miwani ya Focals iliongozwa kwa pete, na mwaka 2025 Meta ilileta bangili inayosoma misuli ya kifundo cha mkono. Ni kazi za ustadi mkubwa, na kwa mtu ambaye mkono wake hauinuki ni ukombozi. Lakini penye kamera, kitufe cha miwani kina wema ambao pete haina: mvaaji hakioni, ila wenzake wote wanamwona akiinua mkono kukibonyeza. Mpakani, ambapo kupiga picha ni jambo zito, ishara hiyo inampa jirani nafasi ya kugeuza uso au kusema hapana. Fundi bora anayafikiria macho ya pande zote mbili. Kwa hiyo miwani hizi zisipimwe na vijana wa maabara peke yao. Wapewe pia mama wa beseni na yule anayekutana naye njiani, na wote wawili waulizwe kama kitufe kimekaa mahali pake.