Mbolezi Isiyo na Jina: Kuyasoma Maandishi ya Sanamu za Askari, Nairobi

Wahakiki wa fasihi nchini Kenya wamezoea kuitafuta fasihi vitabuni na vinywani mwa wasimulizi. Ni nadra kwao kuitafuta barabarani. Makala haya yanadhamiria kuisoma matini moja fupi ambayo umati wa watu huipita kila siku bila kuitupia jicho: maandishi yaliyo chini ya sanamu za askari katika barabara ya Kenyatta, Nairobi. Sanamu hizo zilisimamishwa mwaka 1928 kuwa kumbukumbu ya Waafrika waliohudumu na kufa katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Maandishi yenyewe yametolewa kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili, na mtunzi wake ni Rudyard Kipling, mwandishi mashuhuri wa Uingereza. Swali letu ni moja: je, matini hii, iliyokusudiwa kumwomboleza mtu wa kawaida aliyefia vitani, inamwomboleza kweli?

Kabla ya kulijibu swali hilo, yafaa tumjue marehemu. Vita katika Afrika Mashariki vilianza Agosti 1914, vikamalizika Novemba 1918, Jenerali Lettow-Vorbeck wa Ujerumani aliposalimu amri huko Abercorn, mji ambao leo huitwa Mbala, nchini Zambia. Sehemu kubwa ya uwanja wa vita haikuwa na reli wala barabara, na wanyama wa mizigo waliangamizwa na mbung'o. Chakula na risasi vilibebwa na binadamu. Sheria ya mwaka 1915 iliipa serikali ya kikoloni uwezo wa kuwatwaa vijana kwa nguvu, na msako wa mwaka 1917 ukawazoa wengi zaidi. Inakadiriwa kwamba wapagazi zaidi ya 90,000 walikufa kwa upande wa Waingereza, na wengi wao hawakuuawa na risasi bali na kuhara damu, malaria na utapiamlo. Marehemu wetu basi ni kijana aliyetolewa shambani kwao, akatwikwa mzigo, akatembezwa hadi nchi asiyoijua, akafia njiani au katika kambi ya wagonjwa.

Mtu wa namna hii hana makao katika tenzi zetu za vita. Hemedi Abdallah el-Buhriy, katika utenzi wake kuhusu vita vya Wadachi, anatusimulia upinzani wa watu wa pwani uliozuka mwaka 1888, na Abushiri ni miongoni mwa majina yanayovuma humo. Shaaban Robert, katika Utenzi wa Vita vya Uhuru uliochapishwa mwaka 1967, anavitazama Vita vya Pili vya Dunia kama mapambano ya mataifa na viongozi wao. Hatusemi haya kwa kuwalaumu watunzi hao; utanzu wenyewe umejengwa juu ya mabega ya majagina. Tunachosema ni kwamba jiwe la Nairobi lilikuwa na nafasi ya kumsitiri yule ambaye utenzi haukumsitiri.

Tuitazame basi lugha yake. Maandishi hayo yanawataja wapagazi kuwa walikuwa miguu na mikono ya jeshi. Kwa mtazamo wa kwanza hii ni sifa njema, na hapana shaka mtunzi aliikusudia hivyo. Jeshi lisingalisogea hata hatua moja bila watu hawa. Lakini taswira ina mantiki yake, hata pale mtunzi asipoikusudia. Anayeitwa mguu ana mwili usio wake; kichwa kinachoamua kipo kwingine. Aidha, miguu na mikono haina uso, na mtu hutambulikana kwa uso wake. Sitiari iliyotungwa kumsifu mpagazi imemrudisha pale pale alipowekwa na afisa aliyemwandikisha: nguvu ya kubebea mizigo.

Jambo la pili ni badiliko la nafsi. Matini inaanza kwa kuwazungumzia wafu katika nafsi ya tatu, kisha inageuka ghafla na kumsemesha mtu ana kwa ana: ukiipigania nchi yako, hata ukifa, wanao watalikumbuka jina lako. Hapa ndipo penye kiini cha makala haya. Kwanza, ahadi hii imefungwa katika sharti, ilhali anayeahidiwa amekwisha kufa. Pili, nchi inayotajwa kuwa yake ilikuwa ikitawaliwa na wale waliomtwaa kwa nguvu. Tatu, mzigo wa kukumbuka umeondolewa mabegani mwa dola iliyomtuma na kutwikwa wanawe. Je, yule aliyekufa kabla ya kuoa? Na la nne ndilo zito kuliko yote: jiwe linaloahidi kwamba jina litakumbukwa halitaji jina hata moja.

Kipling hakuwa mtu asiyejua thamani ya jina. Mwanawe John alipotea katika mapigano ya Loos, Ufaransa, mwaka 1915, na baba alimtafuta kwa miaka bila kuliona kaburi lake. Kipling huyo huyo aliitumikia tume iliyoundwa mwaka 1917 kushughulikia makaburi ya vita, na msingi wa tume hiyo ulikuwa kwamba kila aliyekufa atajwe kwa jina, bila kujali cheo. Msingi huo ulifuatwa Ulaya. Haukufuatwa hapa kwetu.

Huenda msomaji akapinga kwamba jiwe ni dogo na wafu walikuwa wengi mno. Pingamizi hili halisimami. Huko Thiepval, Ufaransa, upo mnara wenye majina zaidi ya 72,000 ya watu ambao makaburi yao hayakujulikana. Tena mwaka 2021 tume hiyo, ambayo sasa ni ya Jumuiya ya Madola, ilitoa ripoti iliyokiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hata 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, na kwamba ubaguzi wa rangi ulichangia. Kwa hiyo ukimya wa jiwe haukutokana na ufupi wa utanzu. Ulikuwa uamuzi.

Hata hivyo, mbolezi nyingine ilitungwa bila mtunzi. Jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi lilipita vinywani mwa watu, likageuka kuwa Kariokor jijini Nairobi na Kariakoo jijini Dar es Salaam. Lugha ya Kiswahili ililihifadhi lile ambalo dola ililiacha. Lakini tusijidanganye: hilo nalo ni jina la kikosi, si jina la mtu. Ahadi ya jiwe bado haijatimizwa, na sisi tuisomao ndio wana wanaotajwa humo. Mtafiti wa fasihi simulizi anayekwenda vijijini kukusanya ngano na nyimbo hana budi kuuliza pia swali hili kwa wazee: ni nani katika ukoo huu aliyekwenda vita vile asirudi, na aliitwa nani?