Ufundi wa Kupunguza Mzigo

Mwaka 2009 wahandisi wa kivinjari cha Chrome walikuwa na toleo jipya la kusambaza. Likitumwa zima, lilikuwa na baiti 10,385,920. Lilipopitishwa kwenye bsdiff, programu inayolinganisha toleo la zamani na jipya ili itumwe tofauti peke yake, likashuka hadi 704,512. Wengi wangetosheka hapo. Wao wakabuni mbinu waliyoiita Courgette, na mzigo uleule ukabaki baiti 78,848.

Walifikaje huko? Programu iliyokwisha kugeuzwa kuwa lugha ya mashine imejaa anwani: ruka pale, soma hapa. Ukiongeza mstari mmoja katikati, vyote vinavyoufuata husogea, na anwani chungu nzima hubadilika ingawa kazi ya programu ni ileile. Courgette huzing'oa anwani hizo, huweka alama mahali pake, halafu ndipo hulinganisha matoleo mawili. Tofauti inayobaki ni kiduchu. Kompyuta ya mpokeaji hupiga hesabu na kuzirudisha anwani zote mahali pake. Mashine inafanya kazi zaidi, bando linapona.

Ufundi huu hauanzii kwenye hesabu kila mara. Mwaka 2013 Facebook ilituma timu Afrika ikaijaribu programu yake kwa mtandao wa huku. Kifurushi cha mwezi kiliwaishia ndani ya dakika 40! Baada ya hapo walikaza uzi: picha zikabanwa zaidi, na programu yenyewe ikapunguzwa uzito. Mwaka 2015 ikaja Facebook Lite, isiyofika hata MB 1.

Kisa kitamu zaidi ni cha Chris Zacharias, aliyekuwa mhandisi wa YouTube. Ukurasa wa kutazamia video ulikuwa na uzito wa MB 1.2; akaupunguza, akachambua na kutupa kila kisicho cha lazima, hadi ukashuka chini ya KB 100. Akaufungulia sehemu ndogo ya watazamaji, akasubiri kuona kasi ikiongezeka. Takwimu zikamtoa jasho: wastani wa muda wa kufunguka ulikuwa umepanda.

Kumbe watu wa Afrika, Amerika Kusini, Siberia na Asia ya Kusini-Mashariki walikuwa wameingia. Kwao ukurasa mwepesi ulichukua dakika mbili na zaidi. Ule mzito ungewachukua zaidi ya dakika 20, kwa hiyo hawakuwa wakihangaika nao. Takwimu za awali zilionekana nzuri kwa kuwa wao hawakuwamo.

Anayeandika programu itakayotumiwa Kigoma au Turkana asiipime kwa Wi-Fi ya ofisini pekee. Anunue bando la siku kwa hela yake, aipakue kwenye simu ya bei nafuu, kwa mtandao wa 3G, kisha aangalie salio.